Ukali wa Mbwa Wako Utaulizwa Wewe

Ndugu zangu mlio chini ya majabali ya Masasi, na ninyi mlio juu Newala, nisikilizeni. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaja ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe ameonywa, hakumzuia, ng'ombe akaua. Sheria ya Musa haikuishia kwa ng'ombe. Ilimfuata mwenye ng'ombe hadi mlangoni pake. Leo nami nawafuata ninyi wenye mbwa.

Sikuja kumhukumu mbwa. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo usiku, nani anaamka kwanza? Ngedere wakivamia shamba, nani anawakabili? Ni huyo huyo anayelala njaa. Tunamtaka atulinde, kisha kwa mikono yetu tunamfanya adui wa kila mtu. Tunamkata masikio angali mchanga, eti awe mkali. Tunamlisha pilipili. Tunamfunga mnyororo kwenye mkorosho tangu alfajiri, kopo la maji limepinduka, watoto wa njiani wanamrushia mawe. Usiku tunamfungulia, akimng'ata mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, tunashika vichwa. Tunashangaa nini? Amefundishwa kila siku kwamba binadamu akikaribia, maumivu yanafuata.

Ukali mwingi wa mbwa ni hofu. Na mbwa mwenye hofu husema kabla ya kung'ata: mwili unakakamaa, mkia unafyatwa, uso unageuzwa pembeni, mdomo unakunjwa, ananguruma. Sisi akinguruma tunamtandika! Ole wetu! Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huruka bila kuonya. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, kumbe punda ndiye aliyemwona malaika mwenye upanga njiani. Huyo unayempiga nawe anakueleza jambo: ana kidonda sikioni, ana watoto wachanga, anachelea kunyang'anywa mfupa, amebanwa ukutani hana pa kupita. Mtazame kwanza!

Anzeni mapema. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14 mbwa mchanga hujifunza nani ni mwenzake. Azoee watoto, wageni, bodaboda, akina mama wenye ndoo. Aliyekwisha kukua na ukali apewe uzio, kivuli, na maji. Mgeni akionekana mbali, mtupie mbwa kipande cha ugali, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka mgeni awe habari njema kwake. Wala mtoto asiachwe naye peke yake.

Maji, nasema! Newala mnaijua kiu. Mama zenu walishuka magenge na kupanda na maji kichwani. Waislamu, ndugu zetu, wana habari ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Sisi tunashindwa na kopo moja?

Lakini upo ukali usioletwa na mnyororo wala fimbo. Mbwa mpole wa jana leo anang'ata hata miti, mate yanamchuruzika, sauti imebadilika. Hicho ni kichaa cha mbwa, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinga ipo! Kuanzia 2010 mbwa wa kusini yetu, Mtwara na Lindi, walichanjwa kwa kampeni kubwa, na Pemba pia. Pemba ugonjwa ulitoweka, ukarudi 2016, watu wakachanja tena kwa bidii hadi ukakomeshwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Wako yuko wapi? Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, wewe ndiye umshike kamba umpeleke. Usiseme wa jirani wanatosha.

Wafundisheni watoto: mbwa akiwajia wasikimbie, wasipige kelele, wasimkodolee macho. Wasimame kama mti, mikono mwilini. Wakiangushwa, wajikunje wafunike shingo na masikio.

Na jeraha likishatokea, hata mkwaruzo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Si mafuta ya taa, si majivu, si pilipili! Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote zimalizwe hata kidonda kikipona. Wako watoto wanaoficha jeraha kwa sababu walikatazwa kumchezea mbwa na wanaogopa kiboko. Usiku huu, kabla hawajalala, waulizeni kwa upole, muwatazame miguu na mikono. Anayesema ameng'atwa asipigwe. Ashikwe mkono, apelekwe kwenye maji.