Hemu, Maharage na Dhamiri ya Mgeni

Makaroni yaliyochanganywa na maharage, malai na hemu, yaani paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi au moshi, huiva upesi endapo maharage yamekwisha kuchemshwa. Lakini Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ambako waumini wa dini mbalimbali hupakana ua kwa ua, mlo huo huibua swali la kimaadili: mpishi aliye huru kula kila kitu ana wajibu gani kwa dhamiri ya mgeni wake?

Uislamu uliingia Kigoma kwa njia za misafara iliyofika Ujiji katika karne ya 19, ilhali Wakatoliki wana misheni ya Kabanga, Waanglikana wana dayosisi yenye makao Kasulu, na Wasabato wana hospitali ya Heri wilayani Buhigwe, eneo lililokuwa sehemu ya Kasulu. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 173, inaharamisha nyama ya nguruwe, ila inamwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura, yaani hali ya kulazimika pasipo kuasi. Naye Msabato hufuata Mambo ya Walawi 11, inayomhesabu nguruwe kuwa najisi kwa sababu ana kwato zilizopasuka lakini hacheui.

Mtume Paulo, katika Warumi 14, anakubali kwamba hakuna chakula kilicho najisi kwa asili yake, lakini anamtaka mwenye imani imara asimkwaze ndugu yake kwa chakula. Ingawa Paulo aliwaandikia Wakristo, hoja yake inavuka mipaka ya kanisa, kwa kuwa dhamiri, yaani sauti ya ndani inayomhukumu mtu mbele ya Mungu wake, huumia vilevile kwa Mwislamu na kwa Mkristo.

Huenda mtu akasema kwamba mgeni anaweza kuchambua vipande vya hemu na kuviweka kando. Lakini mafuta yake yamekwisha kuenea katika malai, na sahani yote imebadilika. Wala dharura haimtetei mwenyeji, kwa maana hiyo ni ya mwenye njaa asiye na njia nyingine, si ya mpishi mwenye haraka. Maharage, ambayo hustawi katika nyanda za Kasulu na Kibondo na hayakatazwi na dini yoyote kati ya hizo, yanatosha kuwashibisha wote, na hemu inaweza kupikwa katika sufuria yake au kuachwa kabisa. Ukarimu unaomlazimisha mgeni kuchagua kati ya shibe na ibada yake haujakamilika, na uhuru wa mpishi hukomaa pale anapoweza kujizuia bila kuamriwa.