Petali ya Tatu

Je, thamani ya mtu hupimwa kwa kazi aliyoiacha duniani? Wengi hufikiri hivyo, hata kati yetu Wakristu. Tulitafakari jambo hili kwa kutazama mmea mdogo ambao wakulima wanaujua sana.

Katika mashamba ya mihogo na ya mahindi huota gugu litambaalo, lenye shina la maji maji na maua ya buluu. Ua lake hufunguka asubuhi, na siku ile ile hunyauka. Wataalamu huliita Commelina benghalensis. Ni la jamaa yenye aina zaidi ya 600, na alama moja ya jamaa hiyo ni ua lenye petali tatu. Lakini katika Commelina petali mbili ni kubwa na nzuri. Ya tatu ni hafifu.

Jina Commelina lilitolewa mwaka 1703 na mtawa Mfaransa, Charles Plumier. Mwaka 1737 Carl Linnaeus wa Uswidi akalieleza hivi: kule Uholanzi, Jan Commelin na Caspar, mtoto wa ndugu yake, walisifiwa kwa elimu ya mimea. Wa tatu wa ukoo huo alikufa kabla hajafanya neno katika elimu hiyo. Basi petali mbili nzuri ni wale wawili, na ile hafifu ni yule wa tatu.

Mfano huo unachekesha, lakini tuupime. Nani atasema petali ndogo ni ya bure? Anayehesabu mbili tu hataijua jamaa ya mmea huu. Udogo wake wenyewe ni alama ya kuutambua. Tena, ukiling'oa gugu hili, utaona udongoni maua mengine yasiyofunguka kamwe. Nyuki hayafikii, wala jicho haliyasifu. Hata hivyo yanazaa, na mbegu nzito kuliko zote za mmea huu hutoka humo.

Pengine msomaji atauliza: Basi, tukae bure? Hapana. Mtumwa wa Injili aliyefukia talanta alihukumiwa kwa haki, maana alikuwa na wakati, akakataa kazi. Kukosa nafasi si sawa na kukataa.

Lakini thamani ya mtu hutangulia kazi yake, kwa kuwa hutoka kwa Mwumba. Mtoto aliyebatizwa akafa siku ile ile. Mgonjwa asiyeondoka kitandani. Bibi asiyejua kusoma, anayesali rozari yake kila jioni: vitabu vya wataalamu havitawataja. Wanadamu huandika wanachokiona, na kazi hiyo ni njema. Mungu humjua kila mmoja kwa jina lake.

Basi, ndugu, tukifika kwenye matanga ya mtu mdogo, tusiulize kwanza: Alifanya nini? Tumwombee kama tunavyowaombea wakubwa, wala tusifanye haraka kurudi nyumbani.