Moyo Mgeni katika Kiwiliwili cha Kale

Vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu havidumu kama vilivyotoka kiwandani. Hulika, huvunjika, huungwa, na sehemu zake hupokewa na sehemu nyingine. Jambo hili ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku watu hulipita bila ya kulitazama. Walakini huja saa ambapo badiliko huwa kubwa hata mtu husimama akauliza: kitu hiki kingali kile kile, au ni kingine kilichovaa jina lake? Swali hilo lina pacha aliye mzito zaidi: aliyekibadili alikuwa na haki ya kukibadili? La kwanza ni swali la elimu, na la pili ni swali la wema. Maswali yote mawili hukutana katika kazi moja ifanywayo katika gereji za Uingereza, Marekani na Australia. Watu huchukua gari dogo la michezo la Kiingereza la miaka ya 1960, huing'oa injini yake, na mahali pake hutia injini ya rota iliyotoka Japani.

Gari linalofaa kwa mfano ni MGB. Lilianza kuuzwa mwaka 1962, na likaundwa katika mji mdogo wa Abingdon, karibu na Oxford, hata Oktoba 1980 kiwanda kilipofungwa. Katika miaka hiyo yalitoka magari zaidi ya 500,000. Injini yake ni ya chuma cha kusubu, yenye silinda nne katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita 1,798, na nguvu zake mwanzoni zilikuwa karibu za farasi 95. Haikuwa injini ya ajabu. Nasaba yake ilikuwa ya magari ya kawaida, yale ambayo kazi yake ilikuwa kumpeleka baba kazini na kumrudisha. Lakini ilikuwa mvumilivu, na fundi wa kijijini aliweza kuifungua asubuhi akaifunga jioni. Mwendo wa gari haukuwa wa kutisha, na utamu wake ulikuwa katika kuwa wazi kwa upepo, jepesi kwa usukani na tii katika kona.

Injini ya rota ni ya ukoo mwingine kabisa. Iliasisiwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ya majaribio iliunguruma katika kiwanda cha NSU tarehe 1 Februari 1957. Katika injini ya kawaida pistoni huenda, husimama, na hurudi, mara elfu kadhaa kwa dakika. Katika injini ya rota hakuna pistoni wala valvu. Kipande cha chuma chenye pembe tatu huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la tarakimu nane iliyonenepa kiunoni, na rota ikizunguka mara moja shafti huzunguka mara tatu. Kuvuta hewa, kuibana, kuiwasha na kuitoa hufanyika kwa wakati mmoja katika pande mbalimbali za pembetatu hiyo. Kwa hiyo injini ni ndogo, nyepesi, na mzunguko wake ni laini.

Uzuri huo haukuja bure. Kila pembe ya rota ina sili inayosugua ukuta wa chumba, na sili hizo ndizo zilizowatoa mafundi jasho. NSU ilipotoa gari lake la Ro 80 mwaka 1967, sili zilikwisha mapema, wenye magari wakadai injini mpya kwa dhamana ya kiwanda, na gharama hizo zikaidhoofisha kampuni, ambayo mwaka 1969 iliingia chini ya Volkswagen. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Huko Hiroshima, wahandisi wa Mazda wakiongozwa na Kenichi Yamamoto walikuta kuta za injini zao za majaribio zimechorwa mikwaruzo ambayo waliiita kucha za shetani, wakafanya kazi mpaka wakaituliza. Gari lao la Cosmo Sport lilitoka mwaka 1967, na RX-7, ambalo ndilo lililoieneza injini hiyo duniani, lilitoka mwaka 1978. Hata ilipotulia, injini ya rota ilibaki na tabia zake: hunywa petroli kwa wingi, huchoma oili kidogo kwa maumbile yake maana sili hulainishwa kwa oili hiyo, na joto lake ni kali.

Si vigumu kuona kwa nini mwenye MGB huitamani. Injini ya chuma huondoka, nyingine ndogo na nyepesi huketi nyuma ya magurudumu ya mbele, na pua ya gari hupungua uzito. Ile ya RX-7 yenye turbo iliyouzwa Marekani mwaka 1987 ilitoa nguvu za farasi 182, karibu maradufu ya zile za Abingdon. Tamaa hiyo yaeleweka. Swali ni kama ni halali.

Wapingaji wa kazi hii huanza na jina. Husema kwamba injini ndiyo moyo wa gari, na gari lililong'olewa moyo limekufa. Kinachotembea ni mzuka wake. Fikira hii ina historia ndefu. Plutarch alisimulia juu ya merikebu ya Theseus, iliyohifadhiwa Athens kwa kutolewa ubao mmoja mmoja uliooza na kutiwa mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ile ile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Je, kama mtu angaliziokota mbao zote za zamani akaziunga tena kwa mpango wake ule ule, ipi ingalikuwa merikebu ya Theseus? Naye John Locke, mwaka 1694, alisema kwamba viumbe hai havipimwi kwa chembe zao: mwaloni hubaki mwaloni ule ule tangu mche hata mti mkubwa, kwa sababu uhai mmoja umezipanga sehemu zake.

Serikali haina wasaa wa kungojea wanafalsafa wakubaliane. Kwa miaka mingi idara ya usajili wa magari ya Uingereza ililijibu swali hili kwa hesabu. Gari lililobadilishwa sana lilihitaji alama 8 ili libaki na nambari yake ya asili. Chesisi au bodi ilikuwa na alama 5. Springi, ekseli, giaboksi na usukani kila kimoja alama 2. Na injini, huo moyo unaoliliwa, ilikuwa na alama 1 tu. Katika daftari la serikali, basi, gari ni mifupa yake. Lakini hata mifupa haikupona katika shaka, kwa kuwa tangu mwaka 1988 bodi mpya za MGB zimekuwa zikitengenezwa kwa vyombo vile vile vya kiwanda cha kale. Leo liko gari lenye injini ya mwaka 1965 katika bodi iliyozaliwa baada ya kiwanda kufa, na liko jingine lenye bodi ya mwaka 1965 na injini ya Japani. Anayeapa kwamba la kwanza ni la kweli na la pili ni la uongo ana kazi kubwa ya kuthibitisha kiapo chake.

Wapingaji wana neno jingine lenye nguvu zaidi: mwacha asili ni mtumwa. Neno hili lastahili heshima, lakini kabla ya kulitumia yafaa kuuliza asili ya gari ni nini. Kama asili ni nchi ya kuzaliwa kwa injini, magari mengi ya Kiingereza yanayosifiwa hayana asili. AC Ace la mwaka 1953 baadaye lilipewa injini ya Bristol, na injini hiyo ilitokana na ile ya BMW 328 ya Ujerumani. Mwaka 1962 gari hilo hilo lilitiwa injini kubwa ya Ford kutoka Marekani, likaitwa Cobra, na leo watu huliabudu. Kama asili ni mapenzi ya kiwanda, basi MGB lenyewe latoa ushahidi wa kushangaza. Mwaka 1967 kiwanda kilitia ndani yake injini nzito ya silinda sita, kikaliita MGC. Pua ikawa nzito, usukani ukapoteza utii wake, na gari likaachwa mwaka 1969. Wakati huo huo fundi wa nje, Ken Costello, aliitia injini ya Rover ya silinda nane, iliyosubiwa kwa alumini na yenye nasaba ya Buick wa Marekani, na kwa wepesi wake mwenendo wa gari haukuharibika. Mwaka 1973 kiwanda kilimfuata fundi, kikatoa MGB GT V8. Hapa mzazi aliipotosha asili kwa injini ya Kiingereza, na mgeni aliilinda kwa injini ya ukoo wa ng'ambo. Kwa hiyo asili ya gari ni mizani yake: ule ulingano wa uzito, nguvu, breki na usukani ambao waundaji waliutafuta. Anayeshika mizani ameshika asili, na anayeivunja ameiacha, hata akiwa na kila skrubu ya Abingdon.

Hoja hii huonekana kuwa imemfungulia mlango mwenye kubadili. Kwa kweli imemtwika mzigo. Maana kama gari ni mizani, hakuna awezaye kubadili kitu kimoja peke yake. Nguvu zikiongezeka, breki zilizopimiwa farasi 95 huwa udanganyifu. Ekseli ya nyuma husukumwa kupita kadiri yake. Rejeta ya zamani haitoshi, na oili yenyewe huhitaji rejeta yake, kwa sababu katika injini ya rota oili hubeba sehemu kubwa ya joto. Zamani waundaji walikuwa na dhima ya gari zima. Tangu siku injini ilipong'olewa, dhima hiyo imehamia kwa aliyeing'oa. Wako wanaoitaka nguvu na kuikimbia dhima, na hao hawaikosei historia ya Uingereza tu. Humkosea mtoto avukaye barabara, asiyejua lolote juu ya rota wala pistoni.

Ipo dhima ya pili, nayo ni kwa wale ambao hawapo. Gari la kale ni mali ya mtu, lakini ni amana pia. Limebeba kazi ya mikono ya watu wa Abingdon ambao wengi wao wamekwisha kufa, na litapita kwa watu ambao hawajazaliwa. Hati ya Turin ya shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, iliyothibitishwa mwaka 2013, yashauri kwamba mabadiliko yaweze kutenguliwa, na kwamba sehemu muhimu za asili zilizotolewa zihifadhiwe pamoja na gari. Ushauri huo wapambanua mafundi wawili. Wa kwanza hutengeneza vishikizo vipya vya injini vinavyofungwa kwa bolti, hupaka oili injini ya zamani, huifunga turubai, na kuiweka chini ya meza yake. Wa pili hukata bati lisipokatwa ila kwa papara, huuza injini kwa mizani ya chuma chakavu, na huita haraka yake ujasiri. Wote wawili wana gari lenye rota. Lakini wa kwanza amesema neno ambalo mwingine aweza kulijibu. Wa pili amesema neno la mwisho juu ya kitu kisichokuwa chake peke yake.

Wala amana haipo upande mmoja tu. Injini ya rota haikuota mtini; imetolewa katika gari jingine. Katika miaka ya 1990 RX-7 kuukuu lilikuwa takataka ya bei rahisi, na hakuna aliyelisikitikia lilipochinjwa. Leo RX-7 nalo ni gari la kale linalotafutwa, na waliolichinja jana kulipamba gari la Kiingereza hujikuta wamemvua mmoja ili wamvishe mwingine. Hili lafundisha kwamba macho ya zama moja hayatoshi kujua kipi ni cha thamani. Na kwa sababu hiyo idadi nayo ina neno. Kubadili MGB moja katika mamia ya maelfu si sawa na kubadili MGC, ambalo liliundwa kwa idadi ya karibu 9,000 tu. Kadiri kitu kinavyokuwa haba, ndivyo haki ya mmoja inavyopungua na haki ya wote inavyozidi. Na huja mahali ambapo mtu mwungwana hujizuia, ingawa sheria haimzuii.

Dhima ya tatu ni ukweli. Boneti hufunika mengi. Siku ya kuuza, au siku ya kurithisha, mwenye gari hujaribiwa kunyamaza au kusema nusu. Hapo ndipo swali la merikebu ya Theseus linapoacha kuwa mchezo wa wanafalsafa. Gari lenye rota lililoelezwa kuwa lina rota ni kitu cha kweli, liitwe MGB au liitwe vinginevyo. Gari lile lile, likiuzwa kwa jina lisilolistahili, huwa uongo wenye magurudumu manne. Badiliko halikuliondolea ukweli wake. Kimya ndicho kilichouondoa.

Basi anayeuliza kama ni halali kutia moyo mgeni katika kiwiliwili cha kale hawezi kujibiwa kwa ndiyo wala kwa siyo kabla ya kuulizwa yeye. Je, ameilinda mizani, au amenunua ngurumo tu? Je, amewaachia wajao njia ya kurudi? Je, atasema mbele ya mnunuzi yale anayoyajua mbele ya nafsi yake? Akiweza kuyajibu, na gari lake si la mwisho wa kabila lake, hakuliua gari. Ameingia katika safu ya waundaji wake, na safu hiyo ina heshima na ina deni. Asipoweza, hata injini ya asili haitamwokoa, kwa kuwa mharibifu aliyehifadhi kila msumari bado ni mharibifu. Chini ya meza ya fundi mwema injini ya zamani ya Abingdon imelala katika turubai, imekauka petroli lakini haikushika kutu, na gari lenye moyo mgeni limesimama kando yake. Ni nani atakayesema kwamba huyo ameiacha asili?