Ncha ya Mbingu kwa Ushahidi wa Simu

Mwenye darubini iliyofungwa kwenye kitako cha ikweta ana kazi moja ya kufanya kabla ya kutazama nyota yoyote: kuulaza mhimili wa kitako uwe sambamba na mhimili wa dunia. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ndiyo maana anga yote huonekana ikizunguka digrii 15 kila saa. Mhimili ukielekea barabara kwenye ncha ya mbingu, mota moja ndogo inatosha kuifuata nyota usiku kucha. Ukipotoka, nyota huteleza polepole hadi itoke kwenye lenzi. Ulaya na Marekani watu huitafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo haifiki hata digrii moja kutoka kwenye ncha, kazi ikaisha. Dar es Salaam nyota hiyo haichomozi kabisa. Ncha inayotuhusu ni ya kusini, na kwa kuwa kimo cha ncha juu ya upeo wa macho hulingana na latitudo ya mahali, kwetu iko chini mno, kama digrii 7 tu, ndani ya vumbi na mvuke wa bahari na nyuma ya minazi ya jirani. Nairobi ni digrii 1 na kidogo. Na Sigma Octantis, nyota ya kusini inayoonekana kwa jicho karibu na ncha, ni hafifu hata penye giza tupu. Basi watu huchukua simu. Huilaza juu ya mhimili, programu ikasoma mwinamo na uelekeo, wakageuza skrubu mpaka namba zilingane.

Je, mtu huyo anajua ncha iko wapi, au ameambiwa tu? Wapo watakaoona swali hili ni la bure: darubini ikiifuata nyota, yatosha. Plato alilitolea mfano wa msafiri katika mazungumzo yaitwayo Meno. Anayeijua njia ya kwenda Larissa atafika, na asiyeijua lakini amekisia sawasawa naye atafika. Huyu wa kwanza amemzidi nini mwenzake? Jibu analotoa Sokrate ni kwamba dhana ya kweli hutoroka isipofungwa kwa sababu zake. Waislamu walilikuta swali hilohilo kwa njia yao, na haja yao ilikuwa kubwa kuliko ya Plato, maana mara tano kwa siku walitakiwa waelekee mahali wasipopaona. Wanazuoni wa fikihi wakamtenga mwenye ijtihadi, anayezitafuta dalili za kibla mwenyewe, na mwenye taklidi, anayemfuata mwingine. Kwa wengi wao, aliye na uwezo wa kuzisoma dalili hana ruhusa ya kujilaza juu ya kauli ya mwenzake. Ukikitumia kipimo hicho, mwenye simu ataonekana mwenye taklidi wa daraja la chini kabisa, kwani anayemfuata hata si mtu. Naiona hukumu hiyo ina haraka. Mtu anaweza kuiuliza simu na akabaki mwenye ijtihadi. Anaingia kwenye taklidi pale anapoifanya simu kuwa shahidi asiyehojiwa.

Tumtazame shahidi mwenyewe. Ndani ya simu hamna ncha ya mbingu. Mna kihisi kinachoupima mvutano wa dunia, ambacho ndicho kinachojua simu imeinama kiasi gani. Mna kihisi cha sumaku, yaani dira. Mna kipokezi cha setilaiti za GPS kinachojua simu iko wapi duniani. Programu huchukua mahali ulipo, hutafuta tofauti iliyopo hapo kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli, kisha husahihisha. Tofauti hiyo hutoka katika hesabu kubwa inayotengenezwa na taasisi za Marekani na Uingereza na kufanywa upya kila miaka 5, kwa sababu sumaku ya dunia haitulii. Sasa angalia jinsi habari hizi zisivyolingana kwa uaminifu. Mvutano wa dunia haubadilishwi na kipande cha chuma kilicho kando, kwa hiyo simu iliyolazwa vizuri hukosea mwinamo kwa sehemu ndogo ya digrii. Dira ni habari nyingine. Kava lenye kifungo cha sumaku, uzito wa chuma unaosawazisha darubini, mota ya kitako, nondo zilizomo ndani ya zege la paa ulilosimama juu yake, gari lililoegeshwa karibu: chochote kati ya hivi kinaweza kuivuta dira digrii kadhaa na mwenyewe usijue. Lakini kwenye kioo namba mbili hizo zimeandikwa kwa ukubwa mmoja na rangi moja, pengine zote hadi sehemu ya kumi ya digrii. Shahidi wa uhakika na shahidi wa kubahatisha wanasema kwa kinywa kimoja, na msikilizaji hatawatenganisha mpaka ajifunze kila mmoja anapata wapi habari zake.

Mtu atasema: basi aachane na simu, aitazame nyota kwa macho yake mwenyewe, ndipo atajua kwa nafsi yake. Rai hii inapendeza kuisikia. Lakini anayeielekea Nyota ya Kaskazini naye ameambiwa. Wangapi kati ya wanaoitumia wamekesha kuhakikisha kwamba haisogei? Na kwa hakika inasogea: mhimili wa dunia huyumba kwa mzunguko wa miaka 26,000 hivi, na zamani za mafarao waliojenga mapiramidi nyota ya karibu na ncha ilikuwa Thuban. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha Jaa, yaani Nyota ya Kaskazini, kwa vidole ili wajue wako umbali gani kaskazini, na walipoteremka kusini Jaa ikazama wakashika nyota za Farkadani. Lakini vipimo hivyo walivipokea kwa waliowatangulia, na Ahmad ibn Majid wa karne ya 15 alivitunga kwa mashairi ili vihifadhiwe kichwani. Hakuna aliyewahi kuijua mbingu peke yake.

Dini yenyewe haikumtaka kila mtu aanze upya. Kibla kilipogeuzwa kutoka Baitul Mukadas kwenda Makka, watu wa Quba walikuwa ndani ya sala ya alfajiri. Mtu mmoja akaja akawapasha habari, nao wakageuka palepale bila kuikata sala. Imamu Shafii, katika kitabu chake al-Risala, alilifanya tukio hilo kuwa mojawapo ya dalili zake kwamba habari ya mtu mmoja mkweli ni hoja ya kufanyia kazi. Ninalolisoma humo ni zaidi ya ruhusa ya kuamini. Quba ni kitongoji kilicho karibu na Madina. Kama mtu yule angekuwa mwongo, uongo wake ungejulikana kabla ya jua kupanda sana, na watu wa Quba walilijua hilo. Waliiamini habari ambayo njia ya kuihakikisha ilikuwa wazi, tena ya kwenda kwa miguu.

Darubini nayo ina Madina yake ya karibu. Baada ya kuulaza mhimili kwa simu, chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu na inayopita juu, kwenye mstari wa kaskazini na kusini, uiweke katikati ya nyuzi za msalaba kwenye lenzi yenye ukuzaji mkubwa, uache mota iende, ungoje dakika 5. Ikisogea kuelekea kaskazini au kusini, uelekeo wa mhimili umepotoka kushoto au kulia. Kisha fanya hivyo kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki au magharibi. Ikisogea, kilichokosewa ni kimo. Mhimili uliopotoka kwa digrii 1 unaweza kuitelezesha nyota robo ya digrii kwa saa, nusu ya upana wa mwezi mpevu, na ndani ya dakika 5 nyota itakuwa imehama zaidi ya upana wa Mshtarii unavyoonekana kutoka hapa. Hilo halihitaji jicho la fundi. Na ubora wa jaribio hili hautokani na kwamba nyota ni kitu cha asili na simu ni kitu cha kiwandani. Unatokana na kwamba nondo za zege hazina uwezo wa kuisogeza nyota. Kinachomdanganya shahidi wa kwanza hakimfikii wa pili.

Hilo ndilo watu wengi hulisahau wanapodhani wamehakikisha. Mtu huiona programu moja ikimwelekeza, akapakua ya pili, ikasema vilevile, akaridhika. Programu zote mbili zimesoma kihisi kimoja. Wanazuoni wa hadithi wangelicheka jambo hili, maana walikwishalimaliza zamani: njia kumi za mapokezi zinazokutana kwa mpokezi mmoja ni habari ya mtu mmoja, na wingi wa walio chini yake hauongezi kitu kwa yule wa juu. Ili mapokezi yafikie daraja la mutawatiri, walitaka wapokezi wawe wengi katika kila tabaka, kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana uongo. Al-Biruni, aliyeandika mwaka 1025 juu ya kuutafuta uelekeo wa Makka kutoka Ghazna, hakutosheka na njia moja ya hesabu. Aliifuata moja, kisha nyingine, akazilinganisha. Alikuwa mjuzi kuliko watu wote wa zama zake katika kazi hiyo, na bado hakujiamini peke yake.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: jaribio la nyota nalo ni imani. Unaiamini lenzi, unaiamini mota, unamwamini aliyekufundisha kwamba kuteleza huku kuna maana hii. Kama kila shahidi anahitaji shahidi wa kumtakasa, safari haina kituo, na mwenye taklidi ya simu hana tofauti na wewe ila idadi ya hatua. Nakubali sehemu ya kwanza. Hakuna kituo cha mwisho ambapo mtu husimama bila kumwamini yeyote. Lakini haifuati kwamba wote wako sawa. Mota mbovu huipeleka nyota mashariki au magharibi, na lenzi chafu huifanya iwe na ukungu; ili zote zishirikiane na dira iliyopotoka kutoa jibu moja la uongo, ingebidi makosa yenye asili mbalimbali yalingane kwa bahati, kwa kiasi kilekile, usiku uleule. Ushahidi unaotoka pande zisizojuana unabana, hata kama hakuna hata mmoja kati yake uliotakasika. Kufunga dhana kwa sababu zake, kama alivyosema Sokrate, kwangu maana yake ni hiyo, na mtu wa kawaida anaiweza.

Wengine watakuja kwa mlango wa dini: Mungu anaangalia nia, na aliyejitahidi akakosea kibla ana udhuru, ya nini basi kuhangaika na digrii? Ni kweli kwamba sala na darubini vinahukumiwa kwa mizani mbili. Nyota haijali nia ya mtu. Na katika fikihi, Hanafi na Maliki wanatosheka na upande kwa aliye mbali na Makka, ingawa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani yetu, inamtaka ailenge Kaaba yenyewe kwa kadiri ya dhana yake. Digrii 1 ya upotofu Dar es Salaam inakupitisha zaidi ya kilomita 50 kando ya Makka, na hakuna mwanachuoni aliyesema sala imeharibika kwa hilo. Lakini udhuru ulitolewa kwa aliyejitahidi. Mwingereza Clifford, katika insha yake ya mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini, alimhukumu mwenye meli aliyejizuia kuuliza kama chombo chake ni kizima. Akasema ana hatia hata kama meli ingefika salama. Naona amesema kweli, ingawa aliwabana watu mno alipotaka ushahidi wa kutosha kwa kila jambo. Nia ya mtu anayeweza kuhakikisha kwa dakika tano asitake ni nyembamba sana, na kuisifu nia hiyo ni kuupamba uvivu.

Lipo pia lalamiko kwamba simu inaua elimu ya nyota. Inaweza. Lakini elimu hiyo kwa wengi wetu ilikwisha kabla ya simu, taa za mjini zilipowashwa, na anayeilaza simu kwenye mhimili usiku huu angalau yuko nje akitazama juu.

Kwa msomaji wa pwani kuna nafasi ambayo watu wa mbali hawana. Mombasa na Dar es Salaam ziko karibu mno na longitudo ya Makka, hivi kwamba kibla na kaskazini ya kweli havipishani hata nusu digrii Mombasa, na hupishana digrii 1 hivi Dar es Salaam. Tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba. Katika baadhi ya miaka ni siku moja kabla. Simamisha fimbo ya mita 1 kwa timazi mahali palipo sawa. Kivuli kitakuwa na urefu wa kama sentimita 54 ukiwa Dar es Salaam, kikilala kusini, na mstari wake ukirudishwa nyuma ndio kibla. Usichelewe, kwa sababu dakika 2 zinakisogeza kivuli digrii 1. Chora mstari huo kwa chokaa, kisha weka simu juu yake, mbali na chuma, usome dira inasemaje kabla ya kuibeba tena kwenda kwenye darubini.