Kompyuta na Deni la Kufundisha

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kauli hiyo huwaelemea wengi wanaoshindwa na kompyuta. Faili ikipotea, au ukurasa ukikataa kufunguka, lawama ya kwanza humwangukia mtumiaji, wala si chombo. Ndipo huzuka swali: je, mtu wa kawaida, asiye fundi wala karani, anahitaji kufundishwa kutumia kompyuta? Kwa sura yake swali hili ni la ufundi. Kwa undani wake ni la maadili, kwa kuwa linauliza nani anadaiwa: mtumiaji anadaiwa kujifunza, au mwundaji anadaiwa kukifanya chombo kieleweke?

Waundaji wamedai mara nyingi kwamba mafunzo hayahitajiki. Kampuni ya Apple ilipotoa Macintosh mwaka 1984, iliinadi kuwa mashine ya watu wasio wataalamu. Badala ya kukariri amri na kuziandika, mtu angesogeza kipanya hadi kwenye picha na kubonyeza. Hata hivyo, mnunuzi alipewa pamoja na mashine hiyo kaseti ya sauti ya kumwongoza hatua kwa hatua. Chombo kilichosifiwa kuwa hakihitaji mwalimu kilikuja na mwalimu wake. Mwaka 1988 Donald Norman, msomi wa saikolojia wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, akishikilia kuwa watu hujilaumu kwa makosa ambayo asili yake ni usanifu mbovu. Mlango usioonyesha kama unasukumwa au unavutwa haumdai mpitaji mafunzo. Unamdai fundi wake marekebisho.

Hoja hiyo ina haki ndani yake. Mtumiaji ajue kidole kiende wapi: hilo ni deni la mwundaji. Lakini mfano wa mlango una mpaka wake. Mlango, hata ukiwa mbovu, hautoi habari. Kompyuta huhesabu, hukumbuka na hushuhudia. Na wakati mwingine hushuhudia uongo.

Uingereza imelipa gharama kubwa kwa kutolitambua hilo. Kuanzia mwaka 1999, Post Office ilisambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Wengi wa wasimamizi wa matawi hayo walikuwa wenye maduka ya mitaani, si wataalamu wa kompyuta. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, walidaiwa wao. Zaidi ya watu 900 walishitakiwa. Wapo waliofungwa, na wapo waliofilisika kwa kujaza pengo hilo kwa fedha zao wenyewe. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta mamia ya hukumu. Watu hao walijua kubonyeza, na wengi walishuku mapema kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Walichokosa ni njia ya kuihoji. Aliyehitaji kufundishwa zaidi hakuwa yule wa dirishani, bali wakubwa na wanasheria walioiamini skrini kuliko kauli ya binadamu.

Kwa hiyo mafunzo ni ya aina mbili. Yapo ya vidole, ambayo chombo kizuri huyapunguza. Yapo pia ya busara: kujua lini kushuku, lini kukataa, na ni nini mtu amekiridhia anapobonyeza neno "kubali". Haya ya pili hayapunguzwi na usanifu. Pengine huongezeka, kwani kadiri chombo kinavyokuwa chepesi, ndivyo mtu anavyoridhia mengi bila kufikiri.

Kwa Waswahili wanaoishi ughaibuni, jambo hili limeshaingia sebuleni. Nchini Uingereza kadi nyingi za ukaazi zilikoma tarehe 31 Desemba 2024, na mahali pake pakawekwa kumbukumbu ya kwenye intaneti. Tuseme yupo bibi aliyetoka Unguja, mwenye kibali cha kuishi huko. Kadi aliiweka mwenyewe mkobani. Sasa haki yake ya ukaazi imo nyuma ya nywila, na nywila anayo mjukuu. Hakuna ubaya katika nia ya mjukuu. Kusaidiana ni utu. Zamani pia asiyejua kuandika alimwendea mwandishi wa barua akamfungulia siri zake. Lakini mwandishi yule alisikia barua moja. Anayeshika nywila aweza kuzisoma zote, za benki na za hospitali, na aweza kujibu kwa jina la bibi pasipo bibi kujua. Bibi amepata huduma, amepoteza faragha.

Haifuati kwamba kila mzee alazimishwe kujifunza. Anayetaka kuhudumiwa na karani ana haki ya kumkuta karani. Ila yule anayelifunga dirisha la karani na kuwaelekeza watu wote kwenye kompyuta amejitwika deni la kuwafundisha, kwa lugha wanayoielewa na kwa subira inayolingana na umri wao.

Tanzania iliwahi kulibeba deni la namna hiyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika kisomo chenye manufaa watu walijifunza kusoma kupitia kazi zao, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Mkulima hakuachwa ajitafutie herufi peke yake. Alifundishwa kwa yale aliyoyahitaji, ili mizani na risiti ya pamba yake aisome mwenyewe.

Methali ya jembe ilitungwa kwa chombo ambacho mkulima aliweza kukipima kwa jicho: makali yake, mpini wake, uzito wake. Jembe halikumficha kitu, wala halikumshitaki kwa mavuno yaliyopotea. Kwa chombo kinachoficha na kushitaki, inafaa zaidi methali nyingine: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.