Kiti cha Mwalimu

Je, upya hununuliwa? Mafuriko ya Januari 2014, yaliyokata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hapa Dumila, yaliingia hata sebuleni kwangu. Maji yalipopungua tulianika vitu vyote uani. Fedha ya kununua vingine haikuwapo. Wakati wa kuvirudisha ndani, mke wangu aliuliza, "Mwalimu, ni lazima kila kimoja kirudi palepale?"

Swali hilo lilinichoma. Kwa miaka mingi kiti changu kilikaa nyuma ya meza, kikiukabili mlango, kama ofisini shuleni. Wanangu waliingia, wakaniamkia, wakasimama kama walioitwa kujieleza, kisha wakaondoka. Nami nikalaumu vijana wa siku hizi.

Tulisogeza meza ukutani, na kiti changu tukakipanga pamoja na vingine, karibu na dirisha. Jioni ile kitindamimba wetu alikaa hadi kandili ikaishiwa mafuta, akanieleza deni lililomsumbua mwaka mzima.

Vitu vilikuwa vilevile. Basi, ndugu msomaji, kabla hatujavilaumu tulivyo navyo, tutazame kwanza tumeviweka wapi, na sisi wenyewe tumejiweka wapi.