Hekima Itangulie Mvua

Mwezi wa Oktoba 2019 mvua kubwa zilikata barabara kati ya Handeni na Korogwe, na watu kadhaa wa mkoa wa Tanga wakapoteza maisha. Handeni hiyohiyo imezoea kiu. Kwa miaka mingi imevutiwa kwa bomba maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe.

Wako wasemao, “Ni mapenzi ya Mungu.” Nasi twasema: mvua yatoka kwa Mungu, lakini nyumba iliyosimama katika mkondo wa maji tumeijenga sisi. Yosefu hakungoja njaa iingie Misri ndipo ajenge ghala. Aliweka akiba miaka saba ya shibe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 yataka kamati mpaka vijijini. Enyi akina baba na akina mama, kamati hiyo isiwe jina tu. Kiangazi ndicho kipindi cha kuzibua mifereji, kuandaa miche ya kupanda kandokando ya mito, kujaza ghala, na kukubaliana ni nani atakayembeba ajuza asiyeweza kukimbia. Kumsaidia jirani aliyekwisha kupatwa ni wajibu wetu. Kumkinga kabla hajapatwa ni wajibu wetu pia. Tuanze sasa, mawingu yangali mbali.